Shairi, picha na mtoto asiyejiona kitabuni

Mwaka 1935, jijini Washington, ilichapishwa diwani ya watoto iliyoitwa The Picture-Poetry Book. Mtunzi alikuwa Gertrude Parthenia McBrown, mshairi na mwalimu. Michoro ilikuwa ya Lois Mailou Jones, msanii wa umri wa karibu miaka 30 aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard. Sijawahi kukutana na nakala yake katika chuo chochote cha walimu humu nchini, na nikiwatajia wanafunzi wangu wa uzamili huniangalia kana kwamba nimelizua jina hilo papo hapo.

Mmoja aliniuliza kitabu hicho kina ajabu gani. Nikamwambia kwamba watoto waliochorwa ndani yake ni weusi. Akangoja niendelee. Sikuwa na la kuongeza.

Kwa mtu aliyezaliwa Kenya baada ya Uhuru, jibu hilo halitoshi, na ninamwelewa. Kwetu sisi kitabu chenye watoto weusi ni kitabu tu. Lakini hebu tumfuate mtoto mweusi wa Georgia au Virginia wa enzi hizo hadi darasani kwake. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenganisha watu kwa rangi si kosa mradi huduma wanazopewa ziwe sawa. Hazikuwa sawa, na waliotoa uamuzi walijua. Shule nyingi za weusi katika majimbo ya kusini zilirithi vitabu vikuukuu vilivyokwisha kutumika katika shule za wazungu, kurasa zimenyofoka, majina ya watoto wengine yangali yameandikwa ndani ya jalada.

Na humo vitabuni? Mara nyingi mtoto mweusi hakuwamo kabisa. Alipokuwamo, heri asingekuwamo. Kuanzia miaka ya 1860 kulikuwa na kishairi cha kuhesabu kilichovuma Uingereza na Marekani. Ndani yake watoto 10 weusi hutoweka mmoja mmoja: huyu anakabwa na chakula, yule anaumwa na nyuki, mwingine anakumbatiwa na dubu, mpaka hakuna aliyesalia. Wachapishaji walikipamba kwa picha za rangi, midomo imevimba, macho yametumbuka. Watoto walikikariri wakicheka. Wazia mtoto wa miaka 6 anafundishwa kutoa moja kutoka kumi, na kila moja anayoitoa ni mtoto aliyefanana naye.

Ndiyo maana huwa nashangaa ninapomsikia mtu akisema kwamba vishairi vya watoto ni mambo madogo. Kina hunata kichwani. Picha nayo hunata. Mzee wa miaka 80 aliyesahau alichokula jana bado anakumbuka kishairi alichofunzwa na nyanya yake, na kama kilikuwa na picha ataieleza hata rangi ya kofia. Ukiviunganisha viwili hivyo umeingia mahali katika akili ya mtoto ambapo mahubiri na hesabu haziingii. Waliotunga matusi yale walilijua hilo, au walilifanya bila kujua. Mwishowe ni mamoja.

Walioamua kuyajibu hawakuanza na vitabu bali na jarida. Januari 1920, W. E. B. Du Bois, pamoja na Jessie Fauset na Augustus Dill, walitoa toleo la kwanza la The Brownies' Book, jarida la kila mwezi la watoto wa Wamarekani Weusi. Nakala iliuzwa senti 15. Fauset ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa uhariri, ingawa historia, kama ilivyo desturi yake kwa wanawake, humtaja Du Bois kwanza. Jarida lilikuwa na hadithi, michezo, barua za wasomaji, picha za watoto waliofanya vyema shuleni, na mashairi yaliyochorewa na wasanii weusi kama Laura Wheeler. Mwanzoni mwa 1921 lilichapisha mashairi ya kijana aliyekuwa ametoka tu shule ya upili jijini Cleveland. Kijana huyo ni Langston Hughes. Naam, yule yule aliyekuja kuketi na kina Achebe na Ngugi huko Makerere mwaka 1962. Wengi wetu tunamjua kwa shairi lake la mito. Wachache wanajua kwamba alianzia katika jarida la watoto.

The Brownies' Book lilidumu kwa matoleo 24 tu, likafa Desemba 1921. Fedha hazikutosha. Lakini kuna mshairi mmoja aliyeendelea pale lilipoachia, naye ni Effie Lee Newsome, binti wa askofu, mzaliwa wa Philadelphia, aliyekuja kuwa mkutubi wa shule ya msingi huko Wilberforce, Ohio. Kuanzia 1925 alikuwa na ukurasa wake wa watoto katika The Crisis, jarida kuu la chama cha NAACP. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki, na nitamrudia.

Kabla yake nimtaje mkutubi mwingine. Effie Power, wa maktaba ya umma ya Cleveland, alimwomba Hughes achague mashairi yake yanayowafaa vijana. Ombi hilo lilizaa The Dream Keeper, diwani iliyochapishwa na Knopf mwaka 1932 ikiwa na michoro ya Helen Sewell. Tazama mkono uliosukuma jambo: si mchapishaji, si profesa, ni mkutubi aliyeona watoto wakija kwenye rafu na kuondoka mikono mitupu. Nasi tuna wakutubi wangapi katika shule za msingi za umma? Tuliache hilo kwa leo.

Sasa Woodson. Carter G. Woodson alizaliwa Virginia mwaka 1875, wazazi wake wakiwa wamewahi kuwa watumwa. Alichimba makaa ya mawe kabla ya kumaliza shule ya upili, kisha akasoma hadi akapata uzamifu Harvard mwaka 1912. Ndiye aliyeanzisha mwaka 1926 ile wiki ya historia ya watu weusi ambayo leo imekuwa mwezi mzima wa Februari. Alichofahamu Woodson ni kwamba historia ikibaki vyuoni imekufa. Lazima ishuke hadi darasa la kwanza. Akawa na kampuni yake ya uchapishaji, Associated Publishers, iliyofanya kazi katika nyumba yake ya Ninth Street jijini Washington. Yeye mwenyewe akilala ghorofa ya juu. Kampuni hiyo ndiyo iliyochapisha The Picture-Poetry Book. Miaka mitano baadaye, 1940, ikachapisha Gladiola Garden ya Newsome, na mchoraji akawa yule yule Lois Jones. Jina kamili la kitabu linatamka wazi kwamba ni mashairi ya nje na ndani ya nyumba kwa wasomaji wa darasa la pili. Hakikuandikwa kuwekwa sebuleni kama pambo. Kiliandikwa kiwekwe mikononi mwa mwalimu wa watoto wa miaka 7.

Ukikifungua utashangaa. Hakuna maandamano humo. Hakuna minyororo wala mnada wa watumwa. Kuna ndege, wadudu, maua, mvua, mambo ya bustanini na jikoni. Wapo wahakiki waliouona utunzi wa aina hii kama ukwepaji: nchi inanyonga watu weusi mitini, wewe unaandika juu ya vipepeo? Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuipuuza. Lakini naona inakosa shabaha. Katika mashairi ya Kiingereza ya wakati ule, anayesimama bustanini na kushangaa, anayesema "mimi" mbele ya ua, alikuwa mtoto wa kizungu. Mtoto mweusi alipewa jukumu la kuchekesha. Newsome hakuandika katika kila ubeti kwamba msemaji ni mweusi. Hakuhitaji. Kazi hiyo aliifanya Lois Jones kwa kalamu ya wino. Mwanafunzi alisoma neno "mimi", akainua macho kwenye mchoro, akaona "mimi" ni nani.

Na hapo ndipo penye kiini cha kutumia mashairi yenye picha darasani, jambo ambalo vitabu vyetu vya mbinu za ufundishaji hulipita kwa sentensi moja eti picha "huvutia usikivu wa mwanafunzi". Katika hadithi, maneno yenyewe humtaja mhusika: jina lake, kijiji chake, mama yake. Shairi fupi halina nafasi hiyo. Humwacha msemaji wazi, sauti tu hewani. Picha ndiyo humpa sauti hiyo uso. Kwa hiyo mchoraji wa shairi ana mamlaka kuliko mchoraji wa hadithi, nami naamini ana dhima kubwa zaidi.

Mfano ni Gwendolyn Brooks, mshairi mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950. Mwaka 1956 alitoa Bronzeville Boys and Girls, mashairi ya watoto wa mtaa wa Bronzeville wa Chicago, mengi yakiitwa kwa jina la mtoto fulani. Mashairi mengi humo hayasemi lolote kuhusu rangi ya ngozi. Toleo la kwanza lilichorwa na Ronni Solbert. Mwaka 2007 maneno yale yale yalichapishwa upya kwa michoro ya Faith Ringgold, msanii mweusi wa Harlem aliyesifika kwa mablanketi yake ya vitambaa yenye masimulizi. Herufi hazikubadilika, ila mwanafunzi akiyaweka matoleo hayo mawili kando kwa kando, ana vitabu viwili mbele yake.

Je, juhudi hizi zilifua dafu? Zilifua katika madarasa yaliyozipata. Nje ya hapo hali ilibaki ile ile. Septemba 1965 Nancy Larrick, mtaalamu wa usomaji ambaye naye alihariri diwani za watoto, aliandika makala katika Saturday Review kuhusu alichokiita ulimwengu mweupe mtupu wa vitabu vya watoto. Alikuwa amewaandikia wachapishaji, akahesabu. Kati ya vitabu 5,206 vilivyotolewa kati ya 1962 na 1964, ni 349 tu vilivyokuwa na mtu mweusi, awe katika maneno au katika picha. Hiyo ni asilimia 6.7. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu kitabu cha McBrown na Jones.

Utaniuliza, msomaji, haya yanatuhusu nini sisi wa huku? Yanatuhusu kwa njia ya Kabete.

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizuru Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones (hana udugu na Lois), na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, msomi wa Gold Coast, Ghana ya leo. Jones aliamini kwamba elimu iliyomfaa mtu mweusi ni ile ya mikono, afya na kilimo, kama ilivyofundishwa Hampton na Tuskegee. Du Bois alimshambulia vikali katika The Crisis mwaka 1921, mwaka ule ule The Brownies' Book lilipokuwa likikata roho. Woodson naye hakumhurumia. Lakini serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpenda Jones, si Du Bois. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, kwa msaada wa fedha za Carnegie, iwafunze walimu wa kuzunguka vijijini. Jina hilo lilitoka kwa Anna Jeanes, mama tajiri wa Philadelphia ambaye mwaka 1907 alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za weusi kusini mwa Marekani. Maafisa wa serikali wanaohudhuria warsha Lower Kabete siku hizi, wakinywa chai ya saa nne chini ya miti ile, wamekaa kwenye kiwanja cha shule hiyo.

Basi tazama historia inavyochagua. Huko Marekani walimu wa Jeanes, wengi wao wanawake weusi, walitakiwa kufundisha ususi na usafi, na walifundisha. Ila hawakukomea hapo. Helen Adele Whiting, aliyesimamia shule za msingi za weusi huko Georgia, alimwandikia Woodson vitabu vya ngano za watu weusi kwa watoto wa madarasa ya chini, na mchoraji akawa nani? Lois Jones tena. Ule mfumo uliobuniwa kuwafinyanga watu, walimu wenyewe waliugeuza ukawa njia ya kufikishia vitabu. Kilichovuka bahari kuja Kabete ni jembe, choo cha shimo na somo la usafi. Mashairi hayakupakiwa kwenye meli hiyo.

Sisemi kwamba tulikuwa tupu. Mwana Kupona alimwachia bintiye utendi mwaka 1858, kabla Anna Jeanes hajawazia kutoa pesa zake. Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe, binti Utenzi wa Hati na mvulana Utenzi wa Adili. Ni urithi ninaoufundisha kwa fahari. Lakini tuangalie nani anasema. Katika tungo hizo mzazi anasema, mtoto anasikiliza. "Mimi" wa shairi ni mtu mzima. Sauti ya mtoto mwenyewe ilikuwa nje uani, katika nyimbo za michezo, za kuruka kamba na za kuzunguka mkono kwa mkono. Hizo mwalimu aliziacha nje alipopiga kengele. Ndani tulikariri kwa Kiingereza vishairi vya daraja la London.

Na leo? Picha tumezitengeneza, si haba. Vitabu vya Kiswahili vya gredi za chini vina watoto wa Kenya wenye sare za shule, wapo wenye viti vya magurudumu, yupo baba anayepika. Wachapishaji wanastahili pongezi. Shairi ndilo limebaki palepale. Fungua ukurasa wowote wa mashairi na utakuta mtoto anaambiwa apige mswaki, aheshimu wazazi, atunze mazingira, aogope dawa za kulevya. Vina vya kati na vya mwisho vimenyooka, mizani 16 kila mshororo, na hakuna mtoto humo. Kuna mtu mzima aliyepiga magoti. Mtoto mwenye sare tunamwona kwenye picha akitabasamu, lakini "mimi" wa shairi bado ni mwalimu wa zamu.

Chanzo kimojawapo ni mtihani. Tangu Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, mwalimu wa shule ya msingi alifundisha jicho moja likiwa kwenye karatasi ya Novemba. Mtaala wa sasa umelegeza kidogo, tabia hazijalegea. Nikiwakagua walimu wanagenzi nimemwona kijana mwema kabisa, mwenye sauti nzuri, akimaliza kusomea watoto wa miaka 8 shairi kuhusu mbuzi aliyekula daftari. Watoto walikuwa wamejikunja kwa kicheko. Akawanyamazisha, akageukia ubao: "Haya, shairi hili ni la bahari gani?" Kicheko kikazimika kama taa.

Chanzo kingine ni jinsi vitabu vinavyotengenezwa. Kwa kawaida mshairi na mchoraji hawaonani. Mhariri humtumia mchoraji maneno na maelezo mafupi, "mtoto, mvua, nyumba", na mchoraji analipwa kwa idadi ya picha. McBrown na Newsome walipata bahati ya msanii aliyelielewa shairi kabla ya kulichora. Ukimlipa mchoraji kwa kipande atachora anachoambiwa na shairi, neno kwa neno: shairi likisema paka mweusi juu ya paa, chini yake pana paka mweusi juu ya paa. Picha hiyo haijaongeza kitu. Mtoto akishaiona hana haja ya kusoma.

Kwa mwalimu aliye na darasa la watoto 60 na vitabu vya kugawana, nina pendekezo moja ambalo halina gharama. Tuseme shairi ni la mvua ya usiku, na kitabu kimelichorea nyumba ya mabati. Vitabu vifungwe kwanza. Soma shairi kwa sauti mara mbili, polepole, kisha waulize watoto mvua waliyoisikia ilikuwa ikinyesha juu ya nini. Wa Lamu atakuambia makuti. Wa Turkana atakuambia ngozi na matawi, au atakuambia hakuna mvua, na hilo nalo ni jibu. Wa Mukuru atakuambia bati lenye tundu na sufuria iliyotegwa chini yake. Wachore walivyosikia, hata kama ni vumbini kwa kijiti. Ndipo wafungue kitabu, na mjadala utakaofuata hautakuwa wa vina. Watakuwa wakibishana na mchoraji, huyu akisema amekosea, yule akimtetea, na ili kushinda ubishi itawabidi warudi kwenye maneno ya shairi wenyewe, bila kulazimishwa.

Tatizo ni kwamba vitabu vyetu vingi vimeiweka picha juu na shairi chini, kwa hiyo ukishafungua ukurasa umechelewa. Mwalimu mmoja wa Gredi ya Tatu huko Kilifi alinionyesha dawa yake. Ana kipande cha boksi la sabuni alichokikata sawa na nusu ya ukurasa, na kila kikundi mezani kina chake. Picha inafunikwa mpaka shairi lisomwe. Watoto wamekipa jina: pazia.